Beseni Moja, Watoto Thelathini

Shuleni, Dodoma
2 Septemba 1912

Kwa dada yangu Raheli, Mvumi.

Shikamoo, dada. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo pamoja na watoto na mbuzi. Mwanao Ruthu ni mzima, na anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi nilipokuwa na umri wake.

Lakini kiburi chake kimenichosha. Kila asubuhi watoto thelathini hunawa uso na mikono kabla ya masomo. Ndivyo nilivyoagiza, na bwana mkubwa wa boma amenisifu. Maji tunayatoa kwenye kisima cha mchangani, mwendo wa saa mbili, kwa hiyo beseni ni moja kwa shule nzima. Ruthu hataki. Jana kanijibu mbele ya wenzake, "Mama kasema maji aliyonawia mtu humwagwa." Nimemchapa viboko viwili. Usinifundishie wanafunzi wangu.

Ndugu yako,
Filipo


Mvumi, 15 Septemba 1912

Kwa Filipo.

Marahaba. Sisi wazima, ila mbuzi watatu wamekufa kwa kiu.

Umemchapa mtoto kwa kukataa uchafu? Sasa wewe ni mwalimu wa nini? Kwetu hata mgeni asiyejulikana hunawishwa: mmoja anamimina, mwingine ananawa, maji yanaanguka chini. Mama alikunawisha hivyo mpaka ukaota ndevu. Leo Mdachi kakupa beseni la bati, umesahau! Mtoto wa kwanza ananawa maji. Wa thelathini ananawa watoto ishirini na tisa.

Nakuletea kibuyu kwa mkono wa Yotham, muuza chumvi. Nimekitoboa tundu dogo chini na kuliziba kwa mwiba. Kitundike mlangoni. Mtoto anachomoa mwiba, maji yanatoka membamba kama uzi, ananawa, anaziba. Nimejaribu na watoto wa jirani, kibuyu kimoja kimewatosha kumi na wawili. Maji hayatakupungukia, labda sifa.

Dada yako,
Raheli


Shuleni, 3 Oktoba 1912

Shikamoo, dada. Hapa hatujambo.

Kibuyu kimefika. Tundu nimeliziba kwa nta, na mke wangu ametia mbegu za mtama. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi, nami sitatundika kibuyu kibovu mlangoni, shule ionekane nyumba ya mganga. Ruthu amenyooka. Sasa ananawa wa mwisho kila siku, ajifunze adabu.

Watoto wachache wana macho mekundu. Ni vumbi la kiangazi tu.

Ndugu yako,
Mwalimu Filipo


Mvumi, 12 Oktoba 1912

Filipo,

Leo sikusalimu. Vumbi hata huku lipo, na macho ya watoto wetu ni mazima. Mpe Yotham mwanangu anirudishie. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa mtoto.

Raheli


Shuleni, 9 Novemba 1912

Shikamoo, dada. Shikamoo tena.

Barua yako niliipata. Niliiweka, kwa sababu mkaguzi alikuwa hajafika na sikutaka aone mwanafunzi amepungua. Alipofika alikuta watoto kumi na saba wana usaha machoni, akaifunga shule.

Ruthu jicho la kulia linapona. La kushoto limefunikwa na ukungu mweupe, halioni.

Mbegu nimezimwaga, nta nimeitoa, kibuyu nimekitundika nyumbani kwangu. Ni kweli, kinatosha. Najuta, dada, najuta sana. Njoo umchukue, maana mimi naona haya kuja kwako.

Ndugu yako,
Filipo


Mvumi, 2 Desemba 1912

Filipo,

Shikamoo zako mbili zilifika. Sijaitikia hata moja. Nilipokuja kumchukua mwanangu ulijificha nyuma ya ukuta wa shule, na miguu yako niliiona. Nilikuchukia siku ile, na leo bado nakuchukia.

Mvua imenyesha mara moja. Ruthu sasa anatoboa vibuyu. Majirani wanamletea, na jicho moja linamtosha kupima tundu. Watoto wa huku anawafundisha mwenyewe kuchomoa mwiba na kuziba, na anayeacha maji yachuruzike bure anamkaripia kama mwalimu.

Juzi aliniuliza kama mjomba wake bado ana kile kibuyu. Nikasema sijui. Akachukua kingine, akakitoboa, akasema hiki cha mjomba.

Mimi sikuletei. Kifuate mwenyewe. Ruthu anasema ukija atakunawisha kwa mkono wake, basi akikumiminia, nawa. Mimi siku hiyo nitakuwa kisimani.

Mama Ruthu