Mtu Mzima Halilii Uji

Kiamunyi, Nakuru
12 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Jepleting,

Habari za Doha na hilo joto lenu? Natumai miguu imeacha kukusumbua na kwamba bosi amekupa ile siku ya kupumzika. Huku watoto ni wazima na mvua tumepata ya kutosha. Kaka yako ndiye siwezi kusema ni mzima.

Kwenye simu nilikuambia upasuaji wa moyo umeenda vizuri. Ni kweli, ulienda vizuri. Lakini siku ya pili damu iliganda, kipande kikapanda kwenye ubongo, akapata kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Na Kiswahili, wifi, kimemtoka chote. Amebaki na Kikalenjin cha utotoni. Nikiongea ananitazama tu. Daktari anasema huenda kikarudi, huenda kisirudi.

Sasa mimi Mluhya wa Kakamega nifanyeje? Miaka kumi na tisa tumependana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Lugha yenu nilijifunza salamu, na kwamba chego ni maziwa, nikaridhika. Ujinga wangu! Watoto nao ni vile vile.

Mama yenu ndiye anatutafsiria. Jana Kipkemboi alinishika kwa ule mkono mzima, akaongea muda mrefu, kwa taabu, machozi yakimtoka. Nikamuuliza mama, anasemaje?

"Anasema uji hauna sukari."

Uji! Mtu mzima analilia uji?

Unajua mama hakutaka apasuliwe. Kipkemboi mwenyewe aliogopa. Mimi ndiye niliyemsukuma. Alikuwa analala ameketi, pumzi hana, nikamwambia kama anapenda watoto wake aende. Akaenda. Neno hilo linanikaba hadi leo. Labda ananilaumu na mama ananificha. Labda amenisamehe na mama hataki nijue. Nimechoka kukisia.

Barua hii nakutumia kwa simu ikufikie mapema; Jumapili mama akiwa kanisani nitakupigia kwa video. Muulize kaka yako aliniambia nini jana, kisha unieleze yote, hata kama ni matusi. Usinipunguzie.

Msalimie Chepkirui unayeishi naye. Watoto wanakusalimu sana, wanauliza utakuja lini. Mungu akutunze huko ugenini. Na Jumapili, tafadhali wifi, usiniambie ni uji.

Wako akupendaye hata katika haya,
Immaculate