King'ora cha Machibya

Pius, nimetoka kwa Machibya sasa hivi, mbavu bado zinaniuma. Nimemkuta anawahubiria wajukuu kutunza muda. Machibya! Muda!

Shemeji Wilhelmina, mkewe, akaweka kikombe chini: "Waambie basi habari za king'ora."

Unakumbuka mwaka tisini na tano, masomo ya jioni ya watu wazima pale Igogo? Akichelewa, neno lake lilikuwa moja tu: "Mwalimu, king'ora cha kiwanda hakikulia." Hata siku ya mtihani wa kidato cha nne alifika nusu saa imepita, anahema, na king'ora chake kilekile.

Mwalimu Dorcas akamtazama. "Mzee Machibya, kiwanda kilifungwa mwaka juzi. Wewe mwenyewe si ulipunguzwa kazi palepale?"

Mwenyewe, Pius! Akafungiwa mlango, mwaka mzima ukapotea.

Kesho yake akatundika rimu ya lori uani iwe king'ora chake, akawa anaigonga kila alfajiri na kila saa kumi jioni. Mtihani uliofuata alifika kabla ya mwalimu.

Hapo ndipo Machibya alipoikatisha hadithi, akajivuna mbele ya wajukuu. Shemeji akamwambia, "Malizia."

Ikabidi amalizie: siku aliyolazwa kitandani na malaria, majirani zake pale Mabatini walimjia juu: "Mzee, umetuponza! Tumechelewa kazini, rimu haikulia!"

Machibya akajibu toka ndani ya blanketi, meno yanagongana: "Rimu ni yangu. Tundikeni zenu!"

Na shemeji anaapa kwamba aliyetangulia kugonga mlango siku ile ni wewe.

Nimecheka sana. Sikumwambia kuwa mimi nilikuwa nyuma yako.