Mstari Niliousema Langoni

Jumamosi, 2 Machi

Darasa la Wakubwa limeanza. Jina lenyewe! Mchungaji alitangaza mwezi uliopita: kiongozi yeyote wa kanisa asiyehudhuria aachie nafasi yake. Eti Mkristo hahitimu. Kijana wa juzi! Mimi nina cheti cha ualimu, miaka thelathini na minane ya vumbi la chaki kifuani, na uenyekiti wa akina mama tangu yeye ananyonya. Lakini uenyekiti siuachi kirahisi. Nikaenda.

Tumewekwa chumba cha chekechea. Viti vya watoto wa miaka mitano! Magoti yangu yalikutana na kidevu. Mhazini alikaa kwenye kimoja kikamng'ang'ania, alipoinuka kikainuka naye. Nilicheka peke yangu. Wengine wanajifanya watakatifu.

Na mwalimu ni nani? Fundi Bomba! Yule yule aliyekariri darasa la nne kwa kalamu yangu nyekundu. Kaandika "wanafunzi" ubaoni, mwandiko kama kuku kapita. Akasema Yesu hakuita wahitimu, aliita wanafunzi, na mpaka anapaa jina lao lilikuwa ni hilo hilo. Watu wakaguna kwa utamu. Mimi nilikuwa natazama saruji kwenye viatu vyake.

Nyuma kabisa, karibu na mlango — mdogo wangu. Hatujasemezana miaka tisa. Kafuata nini? Shule aliiachia darasa la pili.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya ibada mama mmoja kanishika mkono: Fundi anafundisha vizuri, sivyo? Nikamwambia hata redio inasema vizuri.

Tumepewa kazi ya nyumbani. Mimi! Kila mtu alete mstari wa Biblia alioutegemea maishani, aseme umeandikwa wapi, kisha asome yaliyo kabla yake na baada yake. Fundi anasema bomba haliaminiki kwa kulitazama tu. Unafungulia maji ndipo unapojua linavuja wapi. Haya, tumefika hapo. Neno la Mungu na mabomba.

Zamu yangu ni tarehe 16. Mstari ninao tangu utoto: "Jisaidie, nami nitakusaidia." Niliuandika juu ya ubao wa kila darasa nililofundisha. Umo kwenye Mithali. Dakika tano zinanitosha.

Jumatano, 6 Machi

Mithali yote. Sura thelathini na moja. Haumo.

Nimechoka macho, ndiyo maana. Nitatazama Zaburi.

Ijumaa, 8 Machi

Zaburi haumo. Nimepitia Mhubiri, nimepitia Isaya haraka haraka. Chai imepoa mara tatu. Nani aliyezipanga hizi Biblia za siku hizi? Maandishi madogo kama mchwa! Ile ya zamani ya baba ilikuwa nao, nina hakika. Karibu nina hakika.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ilikuwa zamu ya muuza mkaa. Kaleta mstari wake, kausoma hovyo, kasoma na ya juu na ya chini yake, mwisho kakiri kwamba miaka yote alikuwa anauelewa nusu. Wakampigia makofi! Siku zangu mtu akielewa nusu alikuwa anapewa nusu ya alama, hapewi makofi.

Kisha Fundi akauliza, nani mwingine atuambie kilichomleta. Mdogo wangu akasimama. Sauti yake imekuwa nzito. Akasema yeye ni dobi wa hospitali, anafua mashuka. Akasema kuna neno aliambiwa siku moja kwamba Mungu kalisema. Hakujua kusoma, akaamini. Lakini lilimuuma. Basi akajiandikisha kisomo cha watu wazima, ajionee mwenyewe Mungu kalisema wapi, na alikuwa anamwambia nani. Mwaka mzima kujua herufi. Baada ya hapo akaanza Mwanzo, nusu ukurasa kila siku kabla ya kwenda kazini. Haruki, hata majina ya ukoo haruki.

Fundi akauliza, umefika wapi, mama?

"Ufunuo. Nimebakiza kurasa nne na nusu."

"Na neno lenyewe ni lipi?"

"Nikilipata nitawaambia."

Hakunitazama. Akasoma mistari miwili kwa kidole. Kwa kidole! Nilitaka kumcheka, kicheko hakikuja. Nimerudi nyumbani kwa miguu na mwavuli nimeusahau kule.

Jumatatu, 11 Machi

Sitaki kuandika hili. Ndiyo maana naliandika.

Miaka tisa iliyopita, mchana, mvua. Mdogo wangu langoni na watoto wake wawili, godoro limefungwa kwa nailoni. Mumewe alikuwa amehama na mwanamke mwingine na kuondoka na ufunguo. "Dada, nipe chumba cha nyuma mwezi mmoja tu." Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa madaftari ya wanafunzi waliokwisha kuoa. Sikutaka makelele ya watoto. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Lakini mtu kama mimi hasemi "sitaki makelele". Nikasema: jisaidie, nami nitakusaidia.

Akauliza, "Mungu kasema hivyo?"

"Imeandikwa."

Akainamisha kichwa. Akaokota godoro. Nikafunga lango, tena kwa komeo.

Na kwa nini hakujua kusoma? Mama alipougua, mmoja wetu ilibidi abaki nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa na akili, walisema. Akabaki yeye, akaniogeshea mama, mimi nikaenda kusomea kufundisha watoto wa watu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda ofisi ya mchungaji kuazima itifaki, lile buku linaloorodhesha maneno yote ya Biblia na mahali yalipo. Nikadanganya kwamba natayarisha somo la akina mama. Nilisimama pale pale kwenye rafu. Chini ya "jisaidie": hakuna. Chini ya "saidia": safu nzima, na karibu kote Mungu anamsaidia mtu asiyekuwa na wa kumsaidia. Nilipitisha kidole mstari hadi mstari. Nilipokiona kidole changu nikakirudisha mfukoni.

Mchungaji akauliza natafuta nini. Nikamtajia, kama mzaha. Akacheka, huku anapiga mihuri barua zake. Ah, Mwalimu, hilo halimo! Ni msemo tu, wengi hudhani ni Biblia. Hata yeye alikuwa anadhani, mpaka akasoma.

Mpaka akasoma! Na mimi je? Miaka sitini na minne kanisani, mstari wa mbele. Nimesahihisha kila mtu. Kinyozi hajinyoi.

Njia ya kutoka ipo. Naleta Zaburi ile ya mchungaji na kondoo, kila mtu anaijua, nasoma kwa sauti yangu ya darasani, nakaa. Nani atajua? Mjinga mkubwa mimi. Anajua mmoja.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika haya darasani, kwenye kiti cha chekechea. Fundi katoa mapumziko ya dakika kumi. Wakirudi ni zamu yangu. Katika Biblia nimeweka karatasi kwenye Zaburi. Wengine wako nje wanakunywa chai. Fundi mwenyewe anafuta ubao ili niupate safi — kaniambia kwa adabu, "Ubao wako huo, Mwalimu." Kama ningekuwa yeye, nikiikumbuka kalamu ile nyekundu, nisingeniambia hivyo.

Mdogo wangu hakutoka. Kanyanyuka kutoka nyuma, kaja na kiti chake mkononi, kakiweka kando ya changu. Ananukia sabuni ya mashuka. Kafungua Biblia mapajani mwake, Ufunuo. Upande wa kulia karatasi zimekwisha, ni jalada tu.

"Dada."

Miaka tisa!

"Shikamoo, dada. Nimebakiza ukurasa mmoja. Lile neno limo humu?"

Sikuitikia hata shikamoo. Nimeinamia daftari ili nionekane nina kazi. Kanitazama kidogo, hakukasirika. Kasema basi, asome tu, ni ukurasa mmoja. Kaanza. Anasoma kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi, na mimi Mwalimu nasikia hakosei hata moja. Kucha ya kile kidole imeliwa na sabuni. Fundi anagonga mlango kuwaita walio nje. Kidole kimefika katikati ya ukurasa. Kinashuka. Nimeweka mkono wangu juu ya wake kukizuia, kalamu iko mkono mwingine, na yeye kaacha kusoma, anangoja niseme. Naweka kalamu chini nimwambie halimo.