Karatasi Yenye Vumbi la Mbao

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na shemeji ameacha kubishana na daktari. Sisi huku miili ni mizima, ila nyumba imenuna, na chanzo ni mimi.

Jumapili hii binti yangu anapata kipaimara. Desturi ya kanisa letu unaijua: kila kijana husimama mbele, na nyuma yake mtu mmoja tu, aliyemlea kiimani, akimwekea mkono begani. Jina la mtu huyo kijana huliandika kwa penseli kwenye karatasi, na mzazi huipeleka kwa mchungaji.

Karatasi yake nilipewa mimi. Nikaisoma njiani. Alikuwa ameandika Mama Vifungo.

Huyo ni mshonaji aliye jirani na karakana yangu, mwalimu wa watoto kanisani. Mtoto akikariri mstari wa Biblia, humshonea kifungo kimoja kwenye mfuko wa kitambaa. Dada, niliumia. Mabenchi arobaini na mawili ya kanisa lile nimeyaranda mimi, niliyeanza na msumeno wa kuazima. Leo nihesabiwe kama mpita njia? Fundi mwenzangu akanitania kwamba benchi nimechonga mimi, aliyelikalia ni mwingine.

Hesabu siziogopi, nikazipiga. Miaka sita ya mafundisho ya binti ni Jumapili mia tatu na kumi na mbili. Mama Vifungo alikosa mbili tu, ya pili akimzika mumewe. Mimi nilimfikisha mtoto getini mara kumi na moja. Ndani sikuingia, kazi zilinisubiri. Mfuko wa binti una vifungo mia moja na tisa. Hata kimoja sijui kilishonwa kwa mstari gani.

Sasa nikwambie nililomficha hata mke wangu. Hesabu hizo nilizipiga nikiwa nimeshaharibu. Siku ileile niliyopewa karatasi nililifuta jina la Mama Vifungo kwa msasa, ule laini wa kumalizia, nikaandika langu.

Jumatano, kwenye mazoezi, mchungaji aliwarudishia vijana karatasi zao wazisome. Mama Vifungo alinipongeza kwa moyo mweupe, akasema baba hana mbadala. Heri angenitukana. Binti alipitisha kidole pale palipokwanguka, akainusa karatasi, akaniambia taratibu, "Baba, hii ina vumbi la mbao." Tangu hapo ni salamu tu. Kila akifungua mdomo najua ndiyo sasa, kumbe anaomba chumvi. Leo nimeranda mlango wa mteja hadi unapwaya kwenye fremu.

Nimeikumbuka siku yangu ya kipaimara. Wewe ndiye uliyenishika mkono kwenda kanisani, mvua na jua, lakini niliandika jina la baba, nikihofia atanuna. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, nami shingo nimeigeuza nikikutafuta mlangoni. Sikuwahi kukushukuru. Asante, dada.

Kesho asubuhi naanza kwa Mama Vifungo, kisha kwa mchungaji, kisha nirudi nimkabili mtoto. Kama atanisamehe, sijui. Hesabu hiyo imenishinda. Njoo Jumapili, tukae benchi la nyuma mimi nawe. Usiegemee kushoto, mguu mmoja ni mfupi. Nalijua, nililitengeneza kwa haraka, nikawahi kuondoka.

Nisalimie shemeji na wanangu wote.

Mdogo wako,
Seremala