Waya wa Fundi Saa

Jumapili, tarehe 3

Mdogo wangu,

Basi pale nilipokatizia barua ya juzi, mama mwenye nyumba ndiyo anapanda ngazi, nasikia kandambili zake pa, pa, pa. Lakini kwanza hamjambo huko? Goti lako je? Sisi wazima, kasoro hilo tu. Basi huyo mama akasimama mlangoni: "Mke wa fundi, televisheni yangu imejaa chenga kwa sababu ya huo waya wa mumeo juu ya paa. Mwisho wa mwezi uwe umeshuka, au mshuke nyinyi."

Mwenzangu, ati tushuke sisi! Shemeji yako mchana kutwa kainamia saa za watu. Akirudi anavua viatu, anakaa kwenye redio yake ile ya kuongea, ndiyo raha yake. Na leseni anayo, siyo mambo ya kubahatisha. Juzi kaongea na mpima hali ya hewa yuko kisiwani peke yake, mbali huko, wanaulizana habari za mvua! Wakishaongea wanatumiana kadi kwa posta kuthibitisha, ukuta mzima wa chumbani ni kadi, rangi hatuioni. Siku moja akanipa na mimi nisalimie. Nikasalimia robo saa, kumbe kitufe nimekibana muda wote, mwenzangu wa upande wa pili hawezi hata kuitikia! Shemeji yako alicheka mpaka machozi.

Sasa waya ukishuka, redio ni bubu. Nifanyeje?

Dada yako

Alhamisi, tarehe 7

Dada,

Shikamoo. Goti lina nafuu, nalichua kila asubuhi. Ati robo saa? Huyo ana bahati, sisi tumekusikiliza miaka arobaini.

Mwambie shemeji ashushe huo waya. Nyumba yenye maji ndani mtaipata wapi tena? Au mdanganyeni tu yule mama, semeni siku hizi redio haiguswi. Nani atajua?

Mdogo wako

Jumatano, tarehe 20

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti usilisugue sana. Ushauri wako nilimpelekea shemeji yako ukiwa wa moto. Hakunigombeza. Alishuka kwa mama mwenye nyumba na daftari jipya: "Mama, kila ukiona chenga, andika siku, saa na dakika. Mimi langu lipo, kila nikiongea hewani naandika, ndiyo utaratibu wetu. Wiki ikiisha tuyafungue pamoja."

Jumapili tukakutana sebuleni kwake. Mama kaandika chenga mara kumi na moja. Mara tisa shemeji yako alikuwa kwenye meza yake ya saa, redio imezimwa! Kuchunguza, ni friza la mama mwenyewe. Likinguruma tu, chenga. Tulilichomoa, tukalichomeka, tukalichomoa, mambo ni yaleyale. Mama kanywea. Akafunga daftari, "Haya baba, nisamehe, yaishe."

Mimi nimeshanyanyuka. Si tumeshinda? Nikamkanyaga shemeji yako mguu, maana namjua. Wapi! Akalifungua tena. "Bado mbili, mama. Jumanne saa moja na dakika kumi, na Ijumaa saa mbili kasorobo. Nilikuwa hewani. Hizi ni zangu."

Mama akamtazama yeye, akanitazama na mimi, kama anauliza huyu umemwokota wapi.

"Ungenyamaza, ningejuaje?"

"Si nimeshaandika, mama."

Akaahidi saa hizo, za taarifa ya habari, hatagusa redio mpaka iishe. Mama akasema atafikiria.

Leo siku ya tatu anafikiria. Mimi nimeshaanza kufunga sahani kwenye magazeti. Nilimnunia mume wangu usiku mmoja mzima, lakini asubuhi namwona kavaa ile miwani yake, anasafisha saa ya mtu kwa brashi kama anaosha mtoto mchanga, nikajisemea, mwanamke wewe, una mume! Tuhame tu kama ni kuhama, nitabeba hiyo redio kichwani mimi mwenyewe. Na nikifika nitawaambia majirani wapya, huyu akiwaambia kitu

Ngoja, naitwa. Ni mama mwenye nyumba, yuko uani, anapiga kelele mtaa mzima unasikia: "Mke wa fundi! Upepo umelegeza huu waya wenu! Njoo unishikie ngazi, napanda!"

Kile kipande cha mtu, juu ya ngazi! Nakimbia,

Dada yako