Mmoja Kati ya Wanne

Sarang'ombe, Kibera

Mpendwa binti yangu Nafula,

Jumapili iliyopita ungetimiza miaka kumi. Nyumbani hakuna mtu wa kunikumbusha. Nilikumbuka mwenyewe nikiwa nakata soli pale kibandani kwangu soko la Toi, mkono ukateleza.

Kuna jambo nililifanya kabla hujazaliwa, na mzigo wake ukaubeba wewe. Kaka yako Wekesa hukumjua. Alikufa akiwa na miaka mitatu. Alipokuwa bado wodini, daktari aliniita peke yangu. Akasema ugonjwa wake unaitwa sikoseli, uko katika damu yangu na ya mama yako, ingawa sisi wenyewe hatuugui. "Kila mkipata mtoto," akasema, "uwezekano wa kuwa nao ni mmoja kati ya wanne."

Unajua baba yako alivyojisifia hesabu. Nilishika "mmoja kati ya wanne". Lile "kila mkipata mtoto" likanipita.

Baada ya mazishi mama yako alikataa kabisa kuzaa tena. Miaka miwili ikapita. Siku moja tukianika nguo nyuma ya nyumba nikamwambia, "Mama Wekesa, kati ya wanne anaugua mmoja. Wetu ameshaenda. Watatu waliobaki ni wazima."

Akasimama na shati linalochuruzika maji. "Daktari alisema hivyo?"

Ningesema ndivyo nilivyoelewa mimi. Lakini nilitaka mtoto, Nafula. Nilikutaka wewe. Nikajibu, "Alisema hivyo hivyo."

Ukazaliwa mvua ikinyesha, mnene, una sauti. Ulipofika miezi saba vidole vyako vikavimba, vya mikono na vya miguu, na mama yako akaniangalia.

Pale kliniki nesi mmoja, mama mtu mzima, alichukua vifuniko vinne vya soda, kimoja akakipaka wino mwekundu, akavitia katika mfuko wa karatasi. "Toa kimoja." Nikatoa. Akakirudisha, akatikisa. "Toa tena." Mara ya tatu kikatoka chekundu. Akakirudisha. Nikatoa tena, kikatoka kile kile.

"Baba Nafula," akasema, "mfuko haukumbuki. Kila mimba ni kama kuanza upya. Mwite mama naye aone."

Mama yako alikuwa nje kwenye benchi akikunyonyesha. Nikasema nitamweleza mwenyewe. Sikumweleza. Njiani akasema, "Yule daktari alitudanganya," nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo hospitali kwake ikawa nyumba ya waongo.

Tulikulea hivyo miaka tisa. Nilikushonea viatu vya ngozi laini, vipana kuliko mguu wako, kwa ajili ya siku za kuvimba. Shuleni ulikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, ukaniletea nusu pakiti kibandani, ukakaa juu ya debe ukinipangia misumari. Nikikuuliza umeamkaje ulijibu, "Baba, leo mifupa imelala." Baridi ya Julai ikifika ulisema, "Imeamka," ukauma kanga usilie, mama yako asisikie.

Julai hii homa ilikushika Jumanne. Midomo ikawa myeupe, ukahema kama umetoka kukimbia. Nikasema twende hospitali.

"Kwa wale waongo?" mama yako akasema. "Wekesa walimmaliza, na huyu wakaniahidi mzima. Twende kanisani akaombewe."

Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikachukua nyundo yangu, nikaenda kazini.

Alhamisi asubuhi nilikubeba mgongoni bila kumuuliza mtu. Tulipofika kwenye geti la hospitali mikono yako ikalegea shingoni mwangu. Daktari wa zamu akasema, "Mngemleta juzi tungemwongezea damu." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Wiki tatu baadaye mama yako mdogo anayekaa mtaa wa Kongo kule Kawangware alikuja na mtoto wake aliyevimba vidole. Nilimsikia mama yako akimwambia, "Usimpeleke kule. Mimi wameniulia wawili."

Mgeni alipoondoka, mama yako akaketi kuchagua maharagwe. Nikakaa mbele yake, nikamwambia yote: maneno ya daktari, vile vifuniko, siku ya kuanika nguo. Hakulia. Aliendelea kutoa vijiwe kimoja kimoja.

"Kwa hivyo ile Jumanne tungempeleka?"

"Tungempeleka."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaweka ungo chini, akajitanda leso, akatoka. Nilisikia kwamba alikwenda moja kwa moja Kawangware, akambeba yule mtoto mwenyewe mpaka hospitali. Hajarudi hapa, wala sijamfuata. Ningemfuata nikamwambie nini?

Jana fundi mwenzangu aliniletea habari kwamba mtoto ameongezewa damu, amekaa kitandani, anakula uji. Nilifurahi, binti yangu, nikacheka peke yangu. Kisha nikaona aibu, nikaweka nyundo chini. Maneno yaliyomwokoa yule ndiyo niliyokunyima wewe miaka tisa.

Sikuombi unisamehe, wewe ni mtoto, hiyo si kazi yako. Lala, Nafula.

Ni mimi,
Baba yako