Leo Nina Mtihani Tu

Baba Derrick,

Maharagwe yameiva, yakaange na kitunguu. Unga uko kwa ndoo ya bluu. Ng'ombe anywe maji kabla jua liwe kali.

Nimeenda Bungoma kufanya mtihani wa hesabu, ule wa mwisho wa kidato cha nne. Nilikuambia tangu Jumapili. Lakini asubuhi nikishika kitabu tu, wewe unataka shati la kwenda Kitale, Derrick anadai soksi, Nekoye ati nimsuke. Halafu ukasema mbele ya watoto, "Si ungoje mwaka ujao? Mtihani haukimbii."

Haukimbii? Niliacha shule nikiwa na mimba ya Derrick, na sasa Derrick ananipita kimo! Mwaka huu nimeweka jambo moja mbele, na nyinyi mnaniletea kumi.

~~Nisameheni nikichelewa.~~ Nitachelewa. Msinipigie kuuliza chumvi iko wapi. Simu nimeizima.

Na jioni nikiingia, bana, usianze na "tunakula nini?" Niulize kwanza mtihani ulikuwaje. Nimengoja miaka mingi mtu wa nyumba hii aniulize hivyo.

Mama Derrick